Gari Lilificha, Nyumba Ikafichua: Afya ya Wastaafu Wanaorejea Kwenye Makazi ya Kudumu

Nchini Marekani lipo kundi la wastaafu ambalo kwa msomaji wa Afrika Mashariki laweza kuonekana la ajabu kidogo. Mtu hufanya kazi miaka thelathini au arobaini, hulipa mkopo wa nyumba hadi senti ya mwisho, na anapostaafu huiuza nyumba hiyo, huwagawia watoto makabati na vyombo, kisha huhamia kwenye gari. Gari lenyewe ni nyumba ya magurudumu: lina kitanda, jiko la gesi, jokofu, choo, bafu, tangi la maji safi na matangi ya maji machafu. Wengine humiliki gari kubwa kama basi. Wengine huvuta trela kwa pikapu. Sheria za barabara haziruhusu upana unaozidi takribani mita 2.6, na ingawa yapo magari ambayo kuta zake husukumwa nje yanaposimama, maisha ya watu wawili bado hupangwa kando ya ujia mmoja mwembamba.

Msafiri wa namna hii hufuata majira kama ndege wahamao. Kiangazi humkuta kaskazini, kwenye misitu na maziwa. Miezi ya baridi humkuta Florida, Texas au katika jangwa la Arizona, ambako mji mdogo wa Quartzsite umezungukwa na ardhi ya serikali kuu iliyotengwa kwa wageni wa muda mrefu kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili. Wasafiri hao wana chama chao, Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson na chenye makao yake Livingston, Texas. Chama hicho huwapokelea barua na kuwapa anuani, kwa maana hata asiye na mtaa huhitaji anuani ya leseni, ya benki na ya bima. Bara la Afrika nalo limewahi kuwaona: mwaka 1959 msafara wa trela 41 ulioongozwa na Wally Byam, mwasisi wa Airstream, uliondoka Cape Town, ukapita Afrika Mashariki na kufika Cairo mwaka uliofuata.

Si wote walioichagua barabara kwa furaha. Kitabu cha Jessica Bruder, Nomadland, cha mwaka 2017, na filamu ya mwaka 2020 iliyotokana nacho, vilionyesha wazee waliohamia kwenye magari kwa sababu kipato chao hakikutosha tena kulipia makazi. Lakini makala haya hayahusu kwa nini watu huondoka. Yanahusu siku wanayorudi kuishi ndani ya kuta zisizosogea, siku ambayo ndugu huichukulia kuwa ya sherehe na daktari hana budi kuitazama kwa macho mengine.

Mara chache siku hiyo huchaguliwa kwa uhuru. Macho ya dereva hupungua nuru. Figo hushindwa, na mgonjwa hutakiwa kufika kwenye mashine ya kusafishia damu mara tatu kwa wiki, katika mji uleule. Saratani huhitaji mionzi kwa majuma mfululizo. Kiharusi huudhoofisha mguu uliokuwa ukikanyaga breki. Au mwenza mmoja hufariki, na yule aliyebaki hajawahi kuliendesha gari hilo hata siku moja. Kwa hiyo mtu huingia katika nyumba mpya akiwa na mizigo miwili kwa pamoja: ugonjwa uliomsimamisha, na kuondokewa na maisha aliyoyapenda. Watu wa karibu huona mzigo wa kwanza tu. Wanasema, “Sasa umepumzika,” na kwa kauli hiyo humnyima nafasi ya kueleza kwamba hajapumzika hata kidogo.

Mwili uliozoea kushika

Tazama jinsi mtu anavyotembea ndani ya gari la aina hii. Anapotoka kitandani, mkono wake wa kushoto hugusa kabati. Hatua mbili mbele, mkono wa kulia uko juu ya meza ya jiko. Hatua moja zaidi, bega limekaribia mlango wa bafu. Hakuna sehemu ambayo mkono haufikii kitu imara cha kushika. Miaka inavyopita, misuli ya mapaja hupungua, mishipa ya fahamu ya nyayo hupoteza hisia kwa sababu ya kisukari, na msawazo wa mwili, yaani uwezo wa kusimama na kugeuka bila kuyumba, hudhoofika. Lakini hakuna anayegundua, wala mwenyewe. Gari linamshikilia.

Kisha anahamia kwenye nyumba yenye sebule ya mita tano kwa sita. Katikati ya sebule hakuna cha kushika. Anapotaka kuvuka kutoka kwenye kochi hadi dirishani huyumba, na kwa mara ya kwanza huogopa. Familia husema amezeeka ghafla tangu ahamie. Sivyo. Udhaifu ulikuwapo miaka miwili au mitatu iliyopita. Kilichobadilika ni kwamba umeondolewa kificho. Jambo hili lina uzito, kwa sababu mtu anayeambiwa kwamba nyumba ndiyo iliyomzeesha hukata tamaa, ilhali anayeambiwa kwamba misuli yake ilianza kulegea zamani na inaweza kuimarishwa huwa na kazi ya kufanya.

Kuanguka si jambo dogo katika umri huu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi kati yao wamevuka miaka 60. Nchini Marekani zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka walau mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo mstaafu aliyehamia nyumba mpya anastahili kupimwa katika majuma ya mwanzo, kabla hajaanguka.

Kipimo cha kwanza ni rahisi mno hata mtu hushangaa kwamba kinasahauliwa. Mgonjwa huketi kwenye kiti cha kawaida, husimama, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi tena. Anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka. Kipimo hiki kifanyike mahali peupe, mbali na meza na ukuta, vinginevyo mkono utatafuta mahali pa kushika na udhaifu utajificha tena. Kipimo cha pili ni cha shinikizo la damu: mgonjwa hulala kwa dakika 5, hupimwa, kisha husimama na kupimwa baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Shinikizo la juu likishuka kwa 20 au zaidi, au la chini kwa 10 au zaidi, ipo sababu ya kumwangalia upya mgonjwa huyo na dawa anazotumia.

Tiba yenyewe si ya gharama. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2019 ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa takribani asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani. Mwingine wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuondoa vihatarishi ndani ya nyumba hupunguza kuanguka kwa takribani asilimia 26, na kwa asilimia 38 pale ambapo waliohudumiwa ni wale walio katika hatari kubwa zaidi. Vihatarishi hivyo msomaji anavifahamu: zulia lisiloshikizwa, waya unaokatiza njia, ngazi zisizo na mahali pa kushika, bafu lenye vigae vinavyoteleza. Kwa wasafiri hawa kuna cha ziada. Waliingia kwenye nyumba tupu, maana vyombo vyao waliviuza au kuvigawa zamani, na katika mwezi wa kwanza watoto kwa upendo mwingi huwaletea mazulia, viti vya chini na meza za vioo. Mtaalamu wa tiba ya viungo aifike nyumba hiyo kabla ya lori la samani. Vyuma vya kushikia huwekwa chooni na bafuni, na ndani ya sebule kubwa samani hupangwa ili zimpe mtu njia ya kushika kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama alivyozoea, huku mazoezi ya miguu yakiendelea hadi atakapoacha kuzihitaji.

Lipo jambo jingine la mwili ambalo huwatatiza hata madaktari. Baadhi ya watu, wanapoacha safari ndefu, huendelea kuhisi sakafu inayumba chini yao. Mabaharia wa pwani wanaijua hali hii baada ya kushuka chomboni, na kwa kawaida huisha ndani ya saa au siku chache. Kwa wachache hudumu kwa muda mrefu. Dalili inayoitofautisha na kizunguzungu cha aina nyingine ni kwamba mgonjwa hupata nafuu akipanda gari na kusafirishwa, kisha mtikisiko hurudi anaposhuka. Anayesema, “Najisikia mzima nikiwa garini tu,” pengine hasemi kwa huzuni. Huenda anaeleza dalili.

Usiku wa kwanza na ule wa thelathini

Kutoka kitandani hadi chooni, ndani ya gari, ni hatua tatu gizani. Ndani ya nyumba ni hatua kumi au kumi na tano, pengine na ngazi. Mzee anayeamka mara mbili usiku kwa haja ndogo huinuka akiwa na ramani ya zamani kichwani, hugeukia upande ambao choo kilikuwapo, na hukutana na ukuta au na ngazi. Taa ndogo inayowaka usiku kucha kwenye njia ya choo ni dawa bora kuliko nyingi zilizomo kabatini. Kama mgonjwa anatumia dawa ya kuongeza mkojo, daktari aulize inanywewa saa ngapi. Mara nyingi inaweza kuhamishiwa asubuhi.

Usingizi nao husumbua. Mtu aliyelala miaka minane akisikia mvua juu ya bati jembamba na pumzi ya mwenza wake umbali wa dhiraa moja huamka katika chumba kikubwa, kimya, asijue yuko wapi. Hutokea aombe dawa ya usingizi. Hapa kuna haja ya uthabiti: mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Tiba ya Wazee cha Marekani, uliohuishwa mwaka 2023, hushauri kuziepuka kwa wazee dawa za kundi la diazepamu na zile zinazofanana nazo, kwa sababu huongeza kuanguka, kuvunjika mifupa na kuchanganyikiwa. Kumpa mtu dawa hiyo katika mwezi ambao hajaijua njia ya choo ni kuwasha moto na kuuondoa mlango. Kupanga saa ya kulala na ya kuamka, kutoka nje kwenye mwanga wa asubuhi, kusogeza kitanda karibu na ukuta kama kilivyokuwa garini: mambo haya madogo husaidia wengi, na hayamwangushi mtu.

Mabadiliko ya akili yahitaji uangalifu wa pekee. Mzee akichanganyikiwa ndani ya saa au siku chache, akawa macho usiku na mwenye usingizi mchana, akashindwa kufuata mazungumzo, huo si ugeni wa nyumba mpya. Ni dharura. Atafutiwe maambukizi, upungufu wa maji mwilini, mkojo uliozuiliwa, kiharusi au dawa mpya. Ama usahaulifu unaojidhihirisha polepole, huo mara nyingi ulikuwapo na gari liliuficha kama lilivyoificha miguu: ndani ya gari kila kitu kina mahali pamoja tu, na mwenza ndiye aliyesoma ramani, aliyepanga malipo na aliyekumbuka zamu ya dawa. Uchunguzi wa kumbukumbu uanze, lakini jibu la juma la kwanza lisiwe hukumu. Mtu aliye katika huzuni, asiyelala vizuri, asiyejua swichi ya taa iko wapi, hupata alama za chini kuliko uwezo wake. Arudiwe miezi michache baadaye.

Mfuko wa dawa

Miaka ya barabara huacha historia ya matibabu iliyotawanyika. Shinikizo la damu liligunduliwa Oregon, dawa ya pili iliongezwa Colorado, maumivu ya goti yalitibiwa Arizona, na daktari wa Texas aliandika dawa ya kuzuia damu kuganda bila kuiona faili ya yeyote kati ya wale watatu. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa nia njema. Matokeo ni mfuko wenye dawa kumi na moja, mbili kati yake zikiwa dawa ileile yenye majina mawili ya kibiashara, na vidonge vya maumivu vya kundi la aspirini na ibuprofeni ambavyo pamoja na ile ya kuzuia damu kuganda huweza kuleta kutokwa na damu tumboni.

Makazi ya kudumu huleta fursa ambayo gari halikuweza kuitoa: daktari mmoja anayemwona mgonjwa yuleyule mwaka mzima. Ziara ya kwanza isitumike kuongeza dawa. Itumike kumwaga mfuko wote mezani, pamoja na dawa za mitishamba na za dukani, kuuliza kila moja iliandikwa kwa ajili gani, na kupima utendaji wa figo kabla ya kuamua kiwango cha chochote. Chanjo zilizoachwa njiani na uchunguzi wa saratani uliopitwa na muda hufuata.

Bima yaweza kugusiwa kwa ufupi. Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, huwafikia wengi wanapotimiza miaka 65. Sehemu yake ya asili hukubaliwa na watoa huduma wengi kote nchini, ndiyo maana wasafiri huipendelea. Mipango inayoendeshwa na kampuni binafsi chini yake mara nyingi humfunga mtu kwenye hospitali za eneo moja. Anayehama hupata muda mfupi wa kubadili mpango, na muda huo hupita upesi wakati watu wakihangaika na mapazia.

Kuna pia tabia ya maji. Aliyeishi kwa tangi hujifunza kuoga kwa dakika mbili na kunywa kidogo, ili tangi la choo lisijae kabla ya kituo kinachofuata. Bomba la nyumbani halina mwisho, lakini tabia haiishi siku moja. Mzee anayelalamikia kufunga choo, kizunguzungu cha kusimama au maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia aulizwe anakunywa vikombe vingapi kwa siku. Kwa upande wa neema, wapo ambao maumivu ya kichwa ya asubuhi huwaisha wanapohamia nyumbani. Pakitokea hilo, lile gari likaguliwe mfumo wake wa gesi kabla ya kuuzwa, kwa kuwa huenda kaboni monoksidi ilikuwa ikivuja, na mnunuzi atalala humo.

Aliyekuwa dereva na aliyekuwa abiria

Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe walichapisha orodha ya matukio ya maisha na uzito wake katika kumchosha mtu. Kifo cha mwenza kilipewa 100, kustaafu 45, kuhama makazi 20. Ishirini yaonekana kidogo. Lakini anayeliacha gari hahami tu. Anaacha kazi ya kila siku, marafiki, heshima ya kuwa mtu anayejua njia, na kwa mara ya pili anastaafu. Alipostaafu ofisini barabara ilimpokea. Sasa hakuna kilichokaa kumsubiri.

Uchungu huo haugawanyiki sawa baina ya wanandoa. Katika magari mengi mmoja alikuwa dereva na fundi: alikagua magurudumu, alinyoosha gari lisiinamie upande mmoja, alimwaga maji machafu, alijua daraja lipi ni fupi. Asubuhi ya kwanza nyumbani hana hata moja la kufanya. Mwenza wake huenda alikuwa akiomba kimyakimya, kwa miaka, apate bustani na jiko la kuokea mikate. Yeye anafurahi, na furaha yake humwonea haya mwenzake. Au anaficha furaha hiyo na kuugua kwa kuificha. Mhudumu wa afya atakayewahoji wakiwa pamoja tu atasikia kwamba wote “wanaendelea vizuri”. Azungumze na kila mmoja peke yake.

Mwongozo wa kimataifa wa uainishaji wa magonjwa, toleo la 11, huutambua mfadhaiko wa kushindwa kuzoea mabadiliko kuwa hali inayoanza kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja tangu tukio, na aghalabu huisha ndani ya miezi 6. Majonzi katika kipindi hicho si ugonjwa kwa yenyewe. Lakini sonona ni jambo jingine, na maswali mawili hutosha kuanza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mnyonge au kukata tamaa? Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya 3 au zaidi hudai uchunguzi kamili. Marekani, wanaume wenye umri wa miaka 75 na kuendelea ndio wenye kiwango cha juu zaidi cha kujiua kuliko kundi jingine lolote la umri na jinsia. Kumwuliza mzee waziwazi kama amewaza kujidhuru hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa mlango wa kusema. Aulizwe pia kama kuna bunduki ndani ya nyumba, na inahifadhiwaje.

Upweke huchochea yote hayo. Kambini viti hukunjuliwa nje jioni, mlango wa jirani uko hatua nne, na mgeni wa siku moja hukaribishwa kahawa bila kuulizwa ukoo wake. Katika vitongoji vingi vya Marekani mtu huingiza gari bandani, mlango hushuka, na majirani huonana kupitia kioo. Tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uhusiano wa kijamii ilikadiria mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ameguswa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Kumwambia mgeni wa mtaa “jichanganye na watu” hakusaidii kitu. Husaidia kumpa siku, saa na mahali: darasa la mazoezi Jumanne saa tatu asubuhi, zamu ya kujitolea maktabani Alhamisi. Anayetarajiwa mahali fulani hutoka kitandani.

Njia za katikati

Kosa la kawaida la watoto ni kulazimisha kila kitu kwisha siku moja: gari liuzwe Ijumaa, nyumba ifunguliwe Jumamosi. Pale ambapo ugonjwa unaruhusu, njia ya taratibu hufaa zaidi. Wapo wanaoweka gari mahali pamoja kwa miezi, wakizoea mji, daktari na duka la dawa kabla ya kutafuta nyumba. Wapo wanaorudi barabarani miezi miwili tu ya baridi. Huko Livingston, kando ya kambi ya Escapees, kipo kituo cha CARE ambako mkazi huendelea kulala ndani ya gari lake, huku akipata chakula, usaidizi wa shughuli za kila siku na uangalizi wa mchana. Ni mpango wenye busara. Humwondolea mtu hatari bila kumwondolea kitanda chake.

Na yupo yule aliyekwisha hamia nyumbani, gari likiwa limeegeshwa uani, naye usiku hutoka kimya na kwenda kulala humo. Si wazimu, wala si dharau kwa nyumba aliyonunuliwa. Akaguliwe ngazi za kupandia, kitambuzi cha gesi na blanketi, kisha aachwe kwa majuma machache. Kinachopaswa kufuatiliwa ni kama safari hizo za uani zinapungua au zinaongezeka.

Huku kwetu

Wauguzi na walezi wa wazee waliozaliwa Kenya na Tanzania ni wengi katika majumba na vituo vya Marekani, na baadhi yao watafungua mlango na kumkuta mteja wa namna hii. Lakini mhudumu wa zahanati ya Makambako au Voi naye anamjua mgonjwa huyu kwa sura nyingine. Ni dereva wa lori aliyelala kwenye kabini kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi kwa miaka ishirini na mitano. Ni baharia wa Unguja. Ni askari aliyeishi kambini tangu ujana hadi kustaafu. Anarudi kwenye nyumba aliyoijenga kwa kutuma fedha, nyumba ambayo mkewe na watoto wameiendesha bila yeye, wanajua funguo zote na yeye hajui hata moja. Vidonge vyake vya shinikizo la damu alivinunua kwenye maduka ya dawa ya njiani, leo vyeupe, kesho vya manjano. Choo kiko nje, ng’ambo ya ua wenye mawe. Mchana huketi barazani akitazama barabara, na watu husema mzee amekuwa mkimya.

Hahitaji hospitali ya rufaa ili kuanza kusaidiwa. Aje na mkewe au mwanawe hadi dirisha la wazee, na dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, hata zilizokwisha muda. Baada ya shikamoo, muuguzi amlaze kitandani kwa dakika tano na kumpima, kisha amsimamishe na kumpima tena mara mbili. Amweke kwenye kiti, ahesabu hatua za mita tatu sakafuni, na atazame saa. Aulize maswali mawili ya sonona mkewe akiwa amesubiri nje. Kisha aulize choo kiko umbali gani, na kama usiku kuna taa. Majibu yaandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe ya kurudi baada ya wiki sita, na vipimo vilevile virudiwe siku hiyo, kwa kiti kilekile.